Plastiki Alizozikataa Mnunuzi

3 Februari
Leo ni miaka minne na miezi miwili tangu niondoke nyumbani.

Mdogo wangu,

Salamu nyingi kwako, na kwa Mama nyingi zaidi. Mwambie goti lake nalikumbuka kila nikipanda ngazi za bweni, maana la kwangu nalo limeanza kulia kama la kwake. Barua yako ya mwaka mpya nimeipata. Imechelewa kwa sababu uliyempa aliisahau mfukoni mpaka akafua suruali, kwa hiyo ukurasa wa pili nimeusoma kwa kukisia. Simu sitaki kuirudia. Kazini tunanyang'anywa mlangoni, na Mama akisikia sauti yangu analia, anakata, halafu anasingizia mtandao. Tuendelee na karatasi.

Umesema wanawake wa mtaa mmechoka kuzibua mtaro kwa mikono, sasa mnakusanya plastiki nyumba kwa nyumba kabla hazijafika mtaroni, na yuko mnunuzi aliyeahidi kuja na gari. Umeniuliza zipi zinafaa kurudishwa kiwandani na zipi ni takataka tu. Hapo umemuuliza mwenyewe. Kazi ya hapa ni kusimama kando ya mkanda unaotembea, uchafu wa mji mzima unapita mbele ya tumbo lako kama mto, nawe unachomoa.

Sikiliza basi. Geuza chombo utazame chini yake. Kuna alama ndogo ya pembe tatu, na namba ndani yake. Moja ni chupa za maji na soda, ukiibonyeza inalia kama mtu anakanyaga majani makavu. Mbili ni madumu na chupa za sabuni ya maji, ngumu, ukiigonga inaitika butu. Tano ni ndoo, mabeseni, vikombe vya mtindi, vifuniko. Hizo zote kusanyeni. Mifuko laini ichukueni ikiwa safi. Lile jeupe jepesi linalofungiwa redio mpya, linalolia kama panya ukilikwaruza, achaneni nalo. Na pakiti za biskuti zenye rangi ya fedha kwa ndani, achaneni nazo pia. Ile ni ndoa ya vitu viwili ambavyo hakuna hakimu wa kuvitenganisha.

Na zile za kuachwa usidhani zitaoza. Mjukuu wa mjukuu wako atazikuta vile vile. Zinadumu kuliko jiwe.

Waambie wenzako kaka yako ndiye aliyesema. Anayebisha aje asimame hapa zamu moja.

Sasa kiwanja changu. Lile shimo alilochimba marehemu Baba kutoa udongo wa matofali ya nyumba mnayolala, bado liko wazi? Likishajazwa na kushindiliwa vizuri, mimi narudi siku hiyo hiyo naweka msingi. Bila hivyo nirudi nikae wapi, shimoni kama chura? Asiingie mtu pale. Hata mbuzi asiingie.

Mwandiko usiushangae, naandikia gotini.

Kaka yako

*

26 Machi

Kaka,

Shikamoo. Sisi wazima. Mama anatembea, ila akikaa anahitaji mtu wa kumwinua, na akiinuliwa anamgombeza aliyemwinua. Kwa hiyo mzima kabisa. Bati la jikoni lilitoboka, nimelibandika lami. Paka wa jirani amezaa ndani ya sanduku lako la nguo. Samahani.

Barua yako Mama aliishika akaitazama muda mrefu, na wewe unajua hasomi. Akasema, "Huyu si yeye."

Nikamwambia, "Mama, ni yeye, ona sahihi."

"Sahihi hata mimi naweza kuiga. Herufi za mwanangu zilikuwa zinasimama. Hizi zimelala kama walevi. Nani kaandika?"

Nami nina macho. Gotini uliandikia hata zamani, na herufi zilisimama. Kama kuna mtu anakuandikia, Kaka, sema. Wifi tutampokea vizuri, ila siyo kwa kumkuta kwenye wino.

Habari za plastiki. Nilisimama barazani nikawaambia wenzangu, kaka yangu yuko kiwandani kwenyewe, amesema hivi na hivi. Basi mtaa mzima ukawa unapindua vyombo. Bwana wa duka la dawa aliniita nimsomee namba ya kiti chake akiwa amekikalia. Tukakusanya, tukaosha, tukapanga uani kwetu kwa namba, kama ulivyosema. Marundo yalifika dirisha la jiko.

Mnunuzi akaja. Ni mtu mfupi, anavaa kofia ya sufu hata jua likiwaka. Tunamwita Bwana Kesho, kwa sababu ndilo jibu lake la kila swali. Alipita kati ya marundo kama mwalimu anayekagua kucha. Akasema, "Chupa za maji zisizo na rangi nachukua. Za kijani sitaki. Madumu nachukua. Hizi nyingine ni nini?"

"Ni namba tano," nikamwambia.

"Nimeuliza ni nini, sikuuliza hesabu."

"Ndoo, vikombe, vifuniko. Zinayeyushwa upya."

"Zinayeyushwa wapi?"

"Kwa kaka yangu."

"Basi mpelekee kaka yako."

Wenzangu walicheka mpaka wakakaa chini. Mimi nilicheka nao, ungefanyaje. Baadaye alinieleza vizuri kwamba ana mashine moja tu, ya kusaga madumu, na chupa nyeupe humuuzia mtu wa pili anayezisafirisha. Hizo nyingine, kwa huku kwetu, hakuna anayezitaka. Ndoo ikipasuka hapa imepasuka.

Kiwanja kipo.

Mama anakusalimu tena.

Mdogo wako

*

2 Mei
Miaka minne na miezi mitano.

Mdogo wangu,

Marahaba. Nafurahi kwamba Mama ana nguvu ya kugombeza. Paka mwache, ila nguo zangu zitoe sandukuni zifuliwe.

Hilo la namba tano limeniaibisha, nikaenda kumuuliza msimamizi wetu. Aliniangalia kama mtu aliyeuliza maji yanatoka wapi. Akasema, "Namba inakwambia kitu ni nini. Haikwambii nani anakitaka. Sisi tunachukua tano kwa sababu ng'ambo ya ukuta huu kuna kiwanda cha makreti. Kingehama leo, kesho tungezitupa." Miaka yote hii niliichukulia ile namba kama sheria. Kumbe ni jina tu. Wape pole wenzako.

Lakini nina swali, na nimelizungusha kichwani wiki mbili kabla ya kununua karatasi. Alizozikataa Mnunuzi ziko wapi? Marundo yalifika dirisha la jiko, umeandika mwenyewe. Barua nzima umenieleza kofia ya mtu na kiti cha bwana wa dawa, kisha ukafika kwenye kiwanja changu ukaandika maneno mawili. Kiwanja kipo. Hata kaburi lipo.

Unamjua Kipara, fundi wetu wa kuunga mikanda, kwao ni mtaa wa pili kutoka kwenu. Amerudi kutoka likizo juzi. Tulikuwa tunapanga foleni ya kuoga.

"Kwenu pamependeza," akaniambia.

"Pamependeza vipi?"

"Lile shimo halipo. Pametandazwa udongo mwekundu, sawasawa na barabara. Nikadhani umeanza kujenga kimya kimya. Mchoyo wewe."

Nilicheka, kwa sababu watu walikuwa wanatazama. Foleni ilipofika kwangu nilisahau kufungua maji.

Udongo hauna miguu, mdogo wangu. Mtu hajazi shimo la mwenzake kwa mapenzi, anajaza lililo lake. Nakuuliza mara moja, nataka neno moja. Mmeuza?

Barua naandika mwenyewe. Mengine uzushi.

Kaka yako

*

30 Mei

Kaka,

Shikamoo. Hatujambo. Mama hajambo. Nguo zimefuliwa.

Neno moja ulilotaka ni hili: hapana.

Shimo limepungua kwa sababu ya mvua, ilileta udongo mwingi kutoka barabarani mwaka huu. Alizozikataa Mnunuzi zimeondolewa.

Nami nina la kuuliza. Huyo Kipara alikaa hapa barazani kwetu. Nilimpa maji ya kunywa, nikamuuliza habari zako. Akatazama kikombe. Nikamuuliza, "Kaka bado yuko kwenye mkanda?" Akasema, "Kazi ni kazi." Nikamuuliza, "Anakula?" Akasema, "Binadamu lazima ale." Mtu hajibu hivyo mpaka awe amefundishwa. Umemfundisha nini, na kwa nini?

Mdogo wako

*

11 Julai
Miaka minne na miezi saba.

Mdogo wangu,

Salamu kwa Mama. Zako nitakupa mwishoni kama zitabaki.

Mvua haijazi shimo. Mvua inalichimba. Mimi na wewe tulikuwa tunaruka kutoka ukingo mmoja hadi wa pili tukiwa wadogo, na kila masika yakipita tulishindwa kufika. Ukitaka kunidanganya, nidanganye kwa kitu nisichokijua.

Na "zimeondolewa." Zimeondolewa na nani, upepo? Nimefanya kazi na takataka vya kutosha. Hakuna kitu kinachoondoka, kinahama tu. Kikitoka kwenye mkanda kinafungwa kwenye robota, mzigo wa kuuzwa, kisipoingia kwenye robota kinaingia kwenye lori, na lori lina mahali pa kumwaga.

Basi nilimwomba Kipara amwandikie ndugu yake, yule fundi wa kuchomelea mageti, apite kiwanjani kwangu na nondo. Najua hutapenda. Mimi pia sikupenda, mtu kutuma mgeni akadunge ardhi ya babake. Jibu limefika. Anasema shubiri ya kwanza ni udongo mwekundu, kisha nondo ikazama yenyewe kama kwenye godoro. Akikanyaga hapa, pale panainuka. Akachimba kidogo kwa mkono akatoa kifuniko cha ndoo, chupa ya kijani, na kipande cha lile jeupe linalolia kama panya.

Kwa hiyo hamkuuza. Hilo namshukuru Mungu. Miezi miwili nilidhani nimeibiwa kiwanja, kumbe nimegeuzwa jaa.

Kinachonila sasa ni kujua nani yuko ndani ya jambo hili. Ni za mtaa wetu peke yake? Au Bwana Kesho aliona pana shimo na mwenye shimo yuko mbali, akaleta na alizozikataa kwenye mitaa mingine? Watu wa namna ile hawasemi "mpelekee kaka yako" bila sababu. Amekupa nini? Kikulacho ki nguoni mwako, wazee walisema, na mimi nguo zangu zote ziko kwako.

Nyumba haisimami juu ya godoro. Ningejenga bila kujua, ukuta ungefunguka mwaka wa kwanza, na ningekufa ndani nikimlaumu fundi mwashi.

Niandikie ukweli wote. Na usimweke Mama mbele kama ngao.

Kaka yako

*

19 Agosti

Kaka,

Shikamoo. Umesema nisimweke Mama kama ngao. Nimemsomea barua yako yote, pamoja na pale pa godoro. Akasema, "Mwandikie kwamba ngao ndiyo iliyotoa amri."

Kaa chini usome.

Bwana Kesho alipoondoka, zilibaki uani kwetu. Kila mtu alikuwa ameleta kwa neno langu, na neno langu lilikuwa lako. Ningezirudisha vipi? Nibishe hodi kwa mwenye duka la dawa nimwambie, shika vikombe vyako, kaka yangu alikosea? Na watu hawakuacha kuleta. Asubuhi ukifungua mlango unakuta mfuko umening'inizwa kwenye kitasa, kama zawadi. Panya wakaja. Jirani wa nyuma akaanza, "Plastiki za kaka yako zimeota mizizi?" Kila nikipita, "Zimechanua?"

Mama alikaa kwenye mkeka akanitaka nimsomee barua yako ya Februari. Nikasoma. Akasema rudia pale pa kuoza. Nikarudia. Mjukuu wa mjukuu, zinadumu kuliko jiwe. Akasema, "Kitu kinachodumu kuliko jiwe, si ndicho msingi?"

Nikamwambia, "Mama, sidhani ni hivyo."

"Hudhani nini? Kaandika yeye. Na kaandika likijaa anarudi siku hiyo hiyo. Kaandika au hakuandika?"

"Kaandika."

"Basi lijae."

Tulizibeba mchana, watu wakiwa wamejilaza, mimi na beseni kichwani, Mama na goti lake ameketi kwenye ukingo akinielekeza, weka kule, kule kuna pengo. Alikuwa anaimba, Kaka. Sijamsikia akiimba tangu uondoke. Udongo mwekundu tuliomba kwa vibarua waliokuwa wanachimba bomba barabarani, hawakuwa na pa kuupeleka. Bwana Kesho kweli aliona, na kweli aliuliza kama anaweza kuleta zake. Mama alimwambia, "Hili shimo lina mwenyewe, na mwenyewe yuko njiani." Alimrushia na kandambili. Za mtaa wetu peke yake ndizo zimo mle.

Nilikudanganya kuhusu mvua kwa sababu Mama alitaka ukute pamejaa bila kuambiwa. Alitaka ushangae.

Sasa zamu yangu. Yule fundi wako wa mageti nilimkuta anadunga.

Nikamuuliza, "Unatafuta hazina?"

"Napima."

"Unapima nini?"

"Napima tu, shemeji."

"Mimi si shemeji yako. Toka kiwanjani kwa kaka yangu."

Akakasirika, akafuta nondo kwa shati, akasema, "Huyo kaka yako hata mkono ulioumia haumzuii kutuma watu kazi."

Mkono gani, Kaka?

Alipoona uso wangu alitaka kurudisha maneno, lakini yalikuwa yameshatoka. Nilirudi ndani nikatoa barua zako zote za mwaka huu nikazipanga. Hakuna wifi. Ni mkono wa kushoto. Tangu lini? Na Kipara alikaa barazani kwetu akitazama kikombe.

Na nitakuambia na lile ambalo Mama hajui kwamba nalifikiri. Mwaka wa kwanza ulikuwa unarudi mkataba ukiisha. Mwaka wa pili ulikuwa unarudi kazi ya paa la bweni lenu ikimalizika. Tangu hapo ni shimo. Mama alilijaza kwa sababu anakuamini. Mimi nilibeba lile beseni kwa sababu sikuamini. Nilitaka nione, shimo likiondoka, utashika nini kingine.

Jambo la mwisho halingoji. Wiki iliyopita mtoto wa jirani alikuwa anacheza pale, akazama hadi gotini. Hakuumia. Lakini sasa mtaa wote unajua kuna nini chini, na wanaume watatu wamekuja kusema pachomwe moto kabla ya mvua, iishe. Dirisha la Mama liko hatua chache kutoka pale, unalijua. Mama amewaambia hapachomwi mpaka mwenyewe afike. Wakamuuliza lini. Akanitazama mimi. Nikasema nitaandika, wakakubali kungoja barua, ila jirani wa nyuma alicheka.

Mimi siwezi kuwazuia kwa "kaka yangu amesema." Maneno hayo hayana thamani tena hapa mtaani. Kwa hiyo usiniandikie "karibuni," wala usiniandikie "nikijaliwa." Andika siku. Ukishindwa, usiandike, nami nitamhamishia Mama kwa mjomba wakati wanachoma.

Mdogo wako

*

20 Septemba
Miaka minne na miezi tisa.

Mdogo wangu,

Marahaba, na salamu zako zote nilizokunyima mwezi wa saba, zichukue hizi hapa.

La kwanza, asiwashe mtu. Waambie siyo kwa sababu kaka amesema, waambie wamuulize yeyote aliyewahi kusimama karibu na plastiki ikiungua. Hapa waliwahi kuchoma mabaki nyuma ya ghala, na waliokuwa upande wa upepo walikohoa mpaka mwisho wa wiki. Na moto ukiingia chini ya udongo hauonekani. Unatembea polepole, unaweza kutokea ukutani kwa Mama siku tatu baada ya watu kusema umezimika. Zungushieni kamba, watoto wasipite.

La pili, mkono. Roli ya mkanda iliuvuta mwezi wa kumi mwaka jana, nilikuwa nachomoa waya ulionasa. Mkono upo. Vidole viwili havikunjiki, na kalamu haushiki. Walinitoa kwenye kuchambua wakanipa ufagio wa uani. Kwa hiyo zile habari za mkanda nilizokuandikia Februari, nilikuwa nasimulia nyumba niliyohamishwa. Kipara nilimwambia asiseme. Si mwongo, ni mtu wa kutumwa. Msimrushie kandambili.

Kuhusu kurudi na nilichokuwa nashikilia, hilo sitaliandika. Labda tutaliongea, labda hatutaliongea. Najua tu kwamba mkono mtupu haulambwi, na mimi nilikuwa na mkono mtupu na mbovu juu yake. Yaliyobaki yamalize mwenyewe, una akili kuliko mimi.

La tatu, kazi. Zitatoka zote, moja moja, na nitazitoa mimi. Ufagio wamenipa, lakini jembe bado nalishika. Ndoo na mabeseni yasiyotoboka yaoshwe, wenyewe wakitaka wachukue. Chupa za kijani mwulize tena Bwana Kesho kama huyo mtu wake wa pili hazitaki kweli, au yeye tu ndiye haoni faida ya kuzibeba. Mimi mtu huyo bado simwamini. Zisizo na mwenyewe tutatafuta lori tuzipeleke kwenye jaa la manispaa kwa haki, mchana, watu wakiona. Na kuanzia sasa msikusanye kitu kabla anayekinunua hapo hapo kwenu hajasema kwa mdomo wake kwamba atakichukua. Msiulize chini ya chombo. Msiniulize mimi.

Mwambie Mama sikasiriki. Mwambie nimesoma pale pa kuimba. Usimwambie zaidi.

Nitakueleza nilichokuwa nimepanga, ili ujue nimefika wapi na mawazo ya mwaka huu. Nilipanga nije bila kutangaza. Nishuke kituo cha kabla ya chetu, nitembee, nisimame ng'ambo ya barabara kama mpita njia, nione nani anaingia kiwanjani kwangu na nani anatoka, na wewe unaongea na nani. Nilishaazima na kofia ya Kipara. Kisha ikaja barua yako, unataka siku. Niliibeba kwenye mfuko wa kazi siku nyingi. Nikiandika siku, siwezi tena kuwavizia. Nisipoandika, wewe unajua siji, na wale wana kiberiti.

Kofia nimeirudisha. Jana nimemwambia msimamizi naacha kazi mwezi ujao ukiisha. Hakuniuliza mara mbili, wenye kutaka ufagio ni wengi. Gari linatoka huku Alhamisi, njiani ni siku mbili. Nitashuka Jumamosi, tarehe saba Novemba, mchana, kituo chetu. Likiharibika ni Jumapili. Wasomee sentensi hiyo wale wanaume watatu, na jirani wa nyuma pia.

Kaka yako